Mama Aliishia Doha

Ulongoni, Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Kaka yangu mpendwa Edgar,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute salama wewe, wifi yangu Clara, na huyo binti mdogo mwenye jina la Mama, ambaye nasikia siku hizi anageuka mwenyewe kitandani. Sisi huku hatujambo. Masika yalituharibia njia ya kushukia bondeni, lakini nyumba haikuguswa. Mama ni mzima. Presha imetulia, dawa anakunywa bila kusukumwa, ila goti la kushoto linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Ni baridi ya Gongo la Mboto lakini, kwa hiyo usicheke.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati wote tuna simu. Nimempa Allen, yule mliyesoma wote sekondari, anakuja huko kwa mafunzo ya kazi yake, na ameniahidi atakukabidhi mkononi. Simu zangu hupokei, na ukipokea unasema uko kazini. Ujumbe wa sauti nauona umeusikiliza, jibu halirudi. Lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba haya ninayotaka kukueleza yana mtu mwingine ndani yake, na simu hupita mikono mingi. Ukishasoma, msomee Clara kwa lugha yake, kisha uichane.

Nataka nikueleze kwa nini Mama aliishia Doha. Naomba unisikilize mpaka mwisho, kaka, hata kama katikati utatamani kuikunja.

Nianze na safari yenyewe, maana nadhani wewe uliiona kwa upande wa huko tu. Siku ulipotuma tiketi, Mama aliniomba nimwoneshe kwenye simu ni mbali kiasi gani kutoka uwanja wetu hapa mpaka uwanja wa kwenu Toronto. Nikamwonesha ule mstari uliopinda unaokatiza Afrika na bahari, umeandikwa kilomita elfu kumi na mbili na mia nane hivi. Akauliza Mbinga ni ngapi. Nikamwambia elfu moja na kidogo. Akatulia akipiga hesabu, kisha akasema kumbe ni kama kwenda Mbinga na kurudi mara sita tu, na yeye ameshakwenda zaidi ya hapo, tena enzi za vumbi, sisi tukiwa tumebebwa mgongoni.

Nikamweleza kwamba mstari ule ni wa kuchora, ndege zenyewe hazipiti hapo. Ya kwanza itampeleka Doha, karibu saa sita angani. Atashuka, atasubiri, kisha atapanda nyingine ya saa kumi na nne. Hizo kumi na nne ndizo zilizomshtua. Aliuliza mtu anafanya nini muda wote huo akiwa amekaa. Nikamwambia wewe umesema watu hula, hulala, huangalia filamu. Akasema yeye atasali rozari, na ikiisha ataianza upya.

Nakuambia haya ujue kwamba woga alikuwa nao, sikatai. Lakini ungemwona alivyojiandaa. Kila jioni nikifunga kibanda changu cha mapazia, ananikalisha nimfundishe Kiingereza cha kumwambia Clara, "Lala wewe, mtoto nipe mimi." Maneno hayo tu. Hakutaka mengine. Alikuwa anayasema akiosha vyombo, anayasema akifagia, mpaka wapangaji wakayashika. Alisaga ulezi, akachambua kahawa aliyoletewa na shangazi kutoka Mbinga, akanunua doti mbili za kanga, moja ya wifi kujifunga na moja ya kumbebea mtoto. Jumuiya ilikuja hapa nyumbani kumwombea. Na shingoni alining'iniza ile kadi uliyosema tumwandikie, kwamba anaitwa Yustina, anakwenda Toronto kwa mwanawe, lugha haijui, anaomba asaidiwe.

Tulimsindikiza jioni. Alipita mlangoni bila kugeuka, na mie nikajua anaogopa kugeuka.

Kesho yake nilishinda na simu mkononi, kama wewe. Ulikuwa umenifundisha kuangalia ndege kwenye ramani, kale kandege ka njano kanakosogea polepole kama mchwa. Niliiona ya kwanza ikitua Doha, nikashukuru. Asubuhi nikaiona ya pili ikiruka. Nikashona mapazia ya mteja huku simu imeegemezwa kwenye cherehani, na kila nikimaliza pindo naangalia. Ikapita nchi ambazo majina yake niliyasikia shuleni tu. Wewe ulikuwa unaniandikia, "Wako juu ya Ulaya sasa." Baadaye ukaandika, "Wameiacha nchi kavu." Nikawa namfikiria Mama huko juu, na rozari yake, na goti lake, na maji ya bahari chini.

Jua lilikuwa linazama wakati bajaji iliposimama nje. Nilidhani ni mteja. Akateremka Mama.

Kaka, sijui nikuelezeje. Simu ilikuwa mkononi mwangu, kandege kako juu ya bahari, na Mama amesimama getini na kadi yake shingoni. Kwa kitambo nilidhani amekufa, na ninachokiona si yeye. Kisha akaniambia nimsaidie begi la huyu binti. Ndipo nikamwona msichana mwembamba amevaa baibui, yuko nyuma yake, anatazama chini. Na Mama mwenyewe, mkono wa kushoto, amempakata mtoto mchanga.

Aliniambia kwamba binti anaitwa Hamida, wamekutana safarini, hana wa kumpokea, atakaa kwetu siku chache. Nilipomuuliza kuhusu Toronto akasema nikupigie wewe kwanza.

Hiyo simu unaikumbuka. Ulikuwa umeshafika uwanjani saa kadhaa kabla, umeshaegesha gari, Clara na mtoto wako kiti cha nyuma kwa sababu Clara alikataa kubaki nyumbani. Uliposikia sauti ya Mama ulicheka, ukadhani ndege za siku hizi zina simu. Ulimwambia, "Mama, naiangalia ndege yako hapa, mko juu ya bahari." Naye akakujibu kwamba yeye yuko Ulongoni. Akasema miguu ilivimba, saa kumi na nne zikamshinda, akaomba kurudishwa. Akasema, "Nisamehe baba, nimeogopa." Halafu akanirudishia simu, akaenda kumwogesha yule mtoto.

Mengine unayajua wewe kuliko mie. Ulimfuata Mama angani saa zote zile kwenye ndege ambayo hakuwemo. Ukageuza gari ukarudi nyumbani na mkeo ambaye hajamaliza hata arobaini yake, kwenye chumba mlichomwandalia Mama. Siku zile nilikuwa upande wako, na nilimwambia Mama hivyo. Nilimwambia amekuaibisha.

Hamida naye siku chache zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Sikumchangamkia. Alikuwa binti wa adabu, anaamka kabla yetu, anasali, anafagia uwanja, anapika uji. Alikuwa akifanya kazi za ndani Uarabuni, hilo nililijua, na nyumbani kwao ni Kilwa. Lakini mtoto hakuwa anamshika sana. Akilia, Mama ndiye aliyekuwa anaamka. Begi la Mama liliporudishwa kutoka uwanjani, Mama akatoa ile kanga ya mtoto, ile ya mwanao, akambebea Fakihi. Ndilo jina la mtoto. Nilipoiona ile kanga mgongoni kwake nikatoka nje, maana ningesema maneno mabaya.

Na mtaani wakapata la kusema. Mama aliyeagwa kwa sala na vifijo, amerudi kesho yake na msichana wa Kiislamu na kichanga. Wakampachika jina Mama Doha. Akipita sokoni wanamwuliza mji huko ukoje, mabarabara yakoje. Anawajibu kwamba ni mji safi, halafu anaendelea kuchagua nyanya. Mie nilikuwa nasikia vibaya kwa niaba yake. Yeye sijamwona akiinamisha kichwa hata mara moja.

Sasa nakuja kwenye ujumbe wako wa sauti wa mwezi uliopita. Ulisema tukuambie ukweli. Ulisema Mama tangu siku ya harusi yenu hakumfurahia Clara, kwamba alitaka uoe huku, na kwamba mtu hawezi kumaliza saa sita angani bila tatizo kisha azigeuze zilizobaki kuwa kisingizio. Ulisema, "Kama hamtaki mke wangu na mwanangu, semeni, nijue moja." Na ulisema jina la mtoto mlilitoa kwa mapenzi na sasa Clara anauliza kama mlikosea kulitoa. Ulikuwa unalia, kaka. Nilikusikia ingawa ulikuwa unajikaza.

Niliusikiliza nikiwa kibandani, sauti juu kwa sababu ya kelele za barabarani. Sikujua kwamba Hamida yuko nyuma yangu, ameniletea chakula. Ujumbe ulipoisha niligeuka nikamkuta amesimama na bakuli limefunikwa, machozi yanamtoka.

Akasema, "Dada Ave, huyo kaka anamsema Mama kwa ajili yangu."

Nikamwambia haya ni mambo ya ndani ya familia, asijitie. Akaweka bakuli mezani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaniomba nisimkatize. Haya yanayofuata ni yake. Nayaandika kwa ruhusa yake, maana alisema mwenyewe, "Mwandikie, na jina langu uliandike."

Hamida alikuwa anarudi kutoka kazini kwake, akabadilishia ndege Doha kama Mama. Mtoto alizaliwa huko huko. Baba yake ni nani, hilo ni lake na halitoki kalamuni kwangu. Ubalozi ulimsaidia hati za kusafiria, za kwake na za mtoto. Lakini siku moja kabla ya safari alizungumza na baba yake kwa simu, na baba akamwambia kwamba akija peke yake nyumba ni ileile, akija na hicho alichokibeba asikanyage. Kwa hiyo alipofika Doha alikuwa ameshaamua. Alipita pita ndani ya uwanja tangu alfajiri akitafuta mtu mzima, mwanamke, mwenye sura ya huruma. Akamwona bibi mmoja amevaa kadi shingoni, anasali rozari.

Alimwamkia kwa Kiswahili. Mama alifurahi mno, akamwambia tangu atoke nyumbani hajasikia lugha ya watu. Wakazungumza. Mama akambeba mtoto, akamweleza habari za mjukuu wake, umri wao karibu sawa. Hamida akamwomba amshikie kidogo, anakwenda msalani.

Hakurudi.

Mama alikaa pale na mtoto. Akaona watu wa ndege ya Toronto wanaanza kujipanga. Akasimama, akakaa, akasimama. Mtoto akaanza kulia, akatafuta kwenye ule mfuko aliouachiwa, akakuta chupa ya maziwa imeshakorogwa, pempasi, nguo mbili, na hati ya mtoto imefungwa kwenye leso. Hapo ndipo alipoelewa. Mwanamke anayekwenda msalani hakuachii hati ya mwanawe.

Wewe na mie tungeita askari. Mama aliniambia baadaye kwamba lilimjia hilo, tena askari alikuwa karibu kabisa. Lakini alijua akimwita, binti atakamatwa, mtoto atachukuliwa, na wasingeonana tena duniani. Akamsimamisha kijana aliyekuwa anasukuma kiti cha magurudumu, akamwonesha kadi yake, na kwa bahati kijana ni wa kwetu, mtu wa Bukoba, jina lake Audax. Mama akamwambia kwamba mwanawe amepotea humu ndani, binti mwembamba mwenye baibui, na anadhani ameelekea kwenye ndege ya Dar. Akasema mwanawe, hakusema mtu baki. Audax akamkalisha kwenye kiti kile na mtoto mapajani, akamsukuma karibu mbio mpaka upande wa pili wa uwanja.

Walimkuta Hamida amekaa geti la Dar, ameufunika uso kwa mikono yote miwili. Alipofungua macho akamwona Mama kwenye kiti cha wagonjwa na Fakihi kifuani, anasema alitamani sakafu ile ingepasuka. Alingoja matusi. Mama hakumtukana. Alimwuliza mtoto amenyonya saa ngapi mara ya mwisho.

Sasa hapa, kaka, ndipo ninapotaka usome polepole.

Ndege ya Toronto ilikuwa bado haijafungwa. Audax aliuliza kwa simu yake ya kazini, akajibiwa kwamba zimebaki dakika chache, wakienda sasa hivi Mama anaiwahi. Akamwambia, "Bibi, tuondoke." Na Hamida akanyoosha mikono amchukue mtoto. Akasema, "Nenda Mama, nenda kwa mjukuu wako, mie nitakuwa naye." Hamida mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba alikuwa anadanganya. Alikuwa ameshaona mahali pengine pa kumwacha. Aliniambia, "Dada Ave, Mama alinitazama tu machoni, akajua."

Mama akamwambia Audax kwamba haendi. Audax akarudia, akidhani hakusikia. Mama akasema, "Mwanangu, nimesikia. Niulizie kama ndege ya hawa ina nafasi."

Walikaa muda mrefu kaunta. Audax ndiye aliyesema yote kwa Kiingereza, kwamba bibi ni mgonjwa, hawezi safari ndefu, anataka arudishwe kwao. Mwishowe wakakubali. Saa sita zote za kurudi Mama hakumpa Hamida mtoto ila wakati wa kunyonya, na wakati wa kunyonya alikuwa anamshika bega. Karibu na kutua Hamida akamwuliza kwa nini. Mama akamwambia kwamba yeye alishazika mtoto mmoja kule Mbinga kabla yetu sisi, jambo ambalo mie nilikuwa silijui, na sidhani wewe unalijua. Akasema mtoto akishaondoka mikononi, mikono haisahau. Akasema, "Sitaki uishi na mikono hiyo."

Hamida alipomaliza kunieleza chakula kilikuwa kimepoa. Nilifunga kibanda mapema, nikaenda nyumbani, nikamkuta Mama anaanika nguo za mtoto. Nilimwuliza kwa nini alituficha miezi yote hii. Alikasirika kwanza, akauliza nani amesema. Nilipomwambia ni Hamida mwenyewe akakaa kwenye ngazi.

Alisema siri haikuwa yake, ilikuwa ya yule binti, na ni siri ya kumpeleka mtu jela. Nikamwambia hilo naelewa, lakini Edgar si mtu wa kwenda kusema. Akaokota kibanio cha nguo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, nakuandikia kama alivyoyasema: "Ningemwambia ukweli, angesikia nini? Kwamba mjukuu wangu alikuwa upande huu, mtoto wa watu upande huu, na geti liko wazi, na mimi nikageukia kwa mtoto wa watu. Afadhali anione mwoga. Mtoto humsamehe mama mwoga."

Hakujua kwamba wewe hukumwona mwoga. Nilikuwa sijamsikilizisha ujumbe wako, nilikuwa namficha. Siku hiyo nilimsikilizisha. Alikuwa bado ameshika kile kibanio, akaendelea kukishika mpaka ulipomaliza kusema. Kuhusu Clara alisema, "Mungu wangu, amefikiri hivyo?" Akaniambia kwamba siku ya harusi yenu, ile tuliyoiangalia kwenye simu, alilia kwa sababu alimwona Clara hana mama aliyesimama naye, akajiambia siku moja atasimama yeye. Sisi tulidhani analia kwa hasira, na nadhani kuna mtu alikufikishia hivyo.

Sasa nikupe habari za Hamida, usije ukabaki unajiuliza. Ana shangazi Buguruni, mke wa fundi seremala. Mama alimpeleka huko mara ya kwanza, shangazi akawasalimia kwa mlangoni tu. Mama akarudi tena juma lililofuata, safari hiyo peke yake, akakaa kutwa. Sijui walizungumza nini. Baada ya hapo shangazi alimwita mama yake Hamida kutoka Kilwa. Alikuja hapa kwetu wiki mbili zilizopita. Nilikuwepo. Alimtazama binti yake kwa muda, hakumkumbatia. Akamwendea Mama, akamfungua Fakihi mgongoni, akamfunga mgongoni kwake yeye. Hapo Hamida akaanguka chini akalia kilio ambacho mtaa mzima ulisikia. Baba yake bado amekaza. Kwa hiyo wako Buguruni kwa shangazi, Hamida anasaidia kupika chakula cha mafundi, na sasa mtoto anambeba mwenyewe. Siku ya kuondoka hapa nyumbani alimbeba mwenyewe mpaka barabarani. Mama alitangulia na begi, hakugeuka kumwangalia mtoto, na jioni hakula.

Kaka, sikuandikii ili nimtetee. Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikiwa kwenye cherehani, na kila nikifika mwisho nagundua pande zote mbili zinauma. Ninyi mlimhitaji kweli. Clara alikuwa na kidonda cha uzazi, wewe unaingia kazini asubuhi, mtoto halali. Hayo hayafutwi na wema aliomtendea mwingine. Mwenzako nilikuwa nadhani umbali ni zile kilomita, na kwamba ukishazinunulia tiketi umezimaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba katikati ya mtu na wanawe kuna watu wengine wamekaa wanangoja, nao wana shida zao, na kwamba Mama yetu si mtu wa kupita tu. Tumekua tukila chakula kilichogawanywa na kila aliyepita mlangoni, wewe ukilalamika kuliko mie. Tunamjua.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia. Alikataa, kisha akakubali, kisha akaniuliza kama nimeshaandika. Nikamwuliza, Edgar akikuita tena, utakwenda? Pasipoti yake imo kwenye sanduku na viza bado haijaisha, hilo aliliangalia mwenyewe kabla sijauliza. Akataka kujua kama siku hizi hakuna ndege inayotoka hapa ikaenda moja kwa moja mpaka kwako, bila kutua popote. Nikamwambia hakuna. Akasema basi nikuambie ukweli, safari hii asikudanganye. Kuja anataka, anataka mno, na yale maneno ya Kiingereza bado anayakumbuka. "Lakini mwambie," akasema, "nikipita tena mahali na mtu akanipa mtoto nimshikie, sijui nitafanyaje."

Kwa hiyo kaka, kama utamwita, mwite ukijua hivyo. Au njooni nyie watatu. Na kama yote mawili hayawezekani kwa sasa, mpigie tu, jioni ya huku, akiwa ameshamaliza kazi. Usimwulize habari za Doha. Mpe Clara simu.

Shangazi wa Mbinga anakusalimu, na wapangaji wote, na Jumuiya ambao bado wanauliza mtoto anafanana na nani. Hamida anamsalimu wifi Clara, anasema amwie radhi. Msalimie sana wifi yangu, na huyo bibi yetu mdogo mnyanyue juu mara moja kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Avelina